Gari Lipo Lakungoja

Mpanda wengi wananijua kwa sauti kuliko kwa sura. Naweza kuwa sokoni nachagua mchele, nikisema neno moja tu muuzaji anainua kichwa na kuniuliza kama mimi siyo yule mama wa mashairi. Ndiye mimi. Natunga mashairi na kuyaghani mbele za watu, kwenye mahafali, harusi, misiba, mapokezi ya viongozi, na kampeni za kila aina, za misitu, za vyoo, za chanjo.

Watu wanadhani ni kazi ya kusimama dakika tano na kupigiwa makofi. Dakika hizo tano nimezisubiri tangu saa mbili asubuhi, nimesimama juani na sare ya kitenge. Mgeni rasmi anatarajiwa saa nne, anafika saa nane, na akifika msaidizi wake anakuja kuninong'oneza kwamba mheshimiwa hana muda, shairi libaki beti mbili. Nimewahi kumsifu kwa beti saba mtu ambaye nusu ya waliokaa mbele yangu walikuwa wanamlilia awarudishie mashamba yao. Nimewahi kughani harusini nikiwa na malaria, nikashuka jukwaani nikatapika nyuma ya turubai, halafu nikapanda tena kwa sababu bwana harusi ameomba lirudiwe. Msimu wa vumbi naongea nyumbani kwa kunong'ona ili sauti ibaki kwa ajili ya watu wengine. Wanangu walikua wakijua kwamba mama akiwa na shughuli kesho, leo hasemeshwi.

Nilizaliwa Magamba. Wazazi wangu walitoka Usukumani na ng'ombe, na baba alikuwa akisema mtu anayeimba bila ng'ombe wake mwenyewe anaimbia mali ya watu. Alisema kweli kuliko alivyojua. Lakini shuleni mwalimu alikuwa ananiweka mbele kwenye ngonjera, kwa kuwa sauti yangu ilikuwa inafika mpaka barabarani, na baada ya darasa la saba, masomo yalipoishia, ngonjera haikuniacha.

Kuna jambo moja nilitaje kabla sijaendelea. Dada yangu mkubwa alifia nyumbani, pale pale Magamba, akijifungua mtoto wa tatu. Nilikuwa na miaka kumi na nne. Walinituma maji. Niliporudi na ndoo kichwani nikakuta wanawake wote waliokuwa wanapishana mlangoni wamekaa chini. Nikabaki nimesimama na ndoo yangu, hakuna aliyenitua.

Kwa hiyo miaka michache iliyopita, ulipokuja mradi mmoja wa afya ya uzazi ukitafuta mtu wa kutunga shairi la kuwahimiza wanawake wajifungulie kwenye kituo, sikulitunga kwa sababu ya mradi tu. Mratibu wake alikuwa dada mpole, aliyesoma, anayesikiliza. Alinisikia kwenye mahafali ya shule moja akaniita ofisini. Akanieleza anachotaka akinamama wakisikie: wahudhurie kliniki, waandae vifaa mapema, na uchungu ukianza wapige simu, kwa kuwa sasa mwambao wa ziwa una gari la wagonjwa. Hilo la gari alilisisitiza sana. Alisema wanawake wa ziwani hawakatai kituo, wanaogopa njia, na wakijua usafiri upo watatoka.

Nilikaa na shairi lile siku nne. Beti zilikuja upesi, kibwagizo ndicho kilichonisumbua. Nilitaka maneno ambayo hata asiyejua kusoma akiyasikia mara moja anaondoka nayo. Siku ya nne, nachambua maharage, mstari ukaja wenyewe: *Piga simu ewe mama, gari lipo lakungoja.* Nikauhesabu mizani kwa vidole, nane na nane, umekaa sawasawa. Niliacha maharage nikaamka. Katika miaka yote ya kazi hii sijawahi kuupenda mstari kama nilivyoupenda ule.

Mwenzangu katika kazi alikuwa mwanaume wa Karema, mvuvi wa zamani mwenye sauti nzito, ambaye tulishirikiana miaka mingi. Yeye aliigiza mume mbishi, mimi mke, na kwenye kibwagizo tulisema pamoja na watu. Tulianza kiangazi, Kapalamsenga, Karema, na vijiji vingine vya ziwani. Gari lenyewe tulilikuta, jeupe, jipya, limeegeshwa nje ya kituo cha afya, watoto wakilipapasa ubavuni. Dereva wake alikuwa mcheshi. Tulipofika kwenye kibwagizo alipiga king'ora, watu wakacheka na kushangilia.

Kijiji kinachohusika sitakitaja, kwa kuwa mama nitakayemsimulia bado anaishi pale.

Pale, baada ya onyesho, alinifuata msichana wa miaka ishirini hivi. Alikuwa ameolewa mwaka ule, mimba yake ndiyo kwanza inaonekana. Aliniomba niyarudie maneno polepole. Akaniambia aliishia kidato cha pili, na shuleni yeye ndiye alikuwa anaghani. Nikamrudia ubeti mmoja mmoja, naye anarudia nyuma yangu bila kukosea. Tulipofika ubeti wa tatu akanisimamisha.

"Hapa umesema jembe," akasema. "Wanawake wa huku kazi yao dagaa. Weka dagaa, watakusikiliza."

Nilikuwa nimezoea kusifiwa, siyo kusahihishwa. Lakini nikaupanga upya mstari pale pale, na dagaa ikaingia kwenye mizani vizuri kuliko jembe. Yeye akacheka kwa furaha. Tangu siku hiyo ubeti ule tuliughani hivyo kila mahali, na kila mahali akinamama walipiga vigelegele ulipofika. Nilimwambia akishajifungua anitafute, nimfundishe kazi. Nilimaanisha. Nilikuwa nimeshaanza kuchoka, na sijapata kuona mtu aliyeshika shairi kwa haraka vile.

Mzunguko wa pili ulikuja mvua zimeanza. Barabara ya kutoka Mpanda ilikuwa tope, tulishuka kusukuma mara tatu. Tulipofika kwenye kituo cha afya kusalimia, muuguzi mmoja alinivuta pembeni, karibu na tangi la maji.

"Dada, lile neno la gari mliruke," akasema. "Gari liko juu ya mawe wiki ya tatu hii. Linasubiri kifaa."

Nikaenda nyuma ya jengo kuangalia. Ni kweli, magurudumu mawili ya mbele yametolewa, na chini ya bodi wameweka matofali. Kuku walikuwa wamejikinga mvua pale chini.

Nilimpigia simu mratibu. Hakukataa, wala hakukasirika. Alisema anafahamu, kifaa kimeagizwa na kiko njiani, siku yoyote kitafika. Akaniomba nifikirie: tukiwaambia hawa watu gari halipo, watarudi kwa wakunga wa majumbani, na kazi ya mwaka mzima itakuwa imekwenda na maji. Halafu maneno ya shairi yalishapitishwa, hayawezi kubadilishwa njiani. Aliongea kwa upole, na maneno yake yalikuwa na mantiki. Nimeyapindua tangu siku ile na bado yana mantiki.

Mwenzangu alikuwa amekaa kwenye ngazi anafunga ngoma yake kwenye nailoni. Nikamweleza.

"Sisi ni midomo tu," akasema. "Maneno ni ya wenyewe. Gari likiharibika, tumeliharibu sisi?"

Nikajaribu kichwani kukiondoa kibwagizo. Shairi likaanguka. Kila ubeti nilikuwa nimeujenga uelekee kwenye mstari ule, na bila mstari ule zilibaki nasaha tupu, kama tangazo la kubandika ukutani. Nitasema ukweli, kwa kuwa hii ndiyo sababu ya kuandika haya: siyo mratibu peke yake aliyenifanya nighani. Nilikuwa naupenda mstari wangu. Nilijua watu wanausubiri, na nilitaka kuwasikia wakiuitikia.

Tukaghani. Kijiji kile cha yule msichana tulikifikia siku ya pili yake, mchana, mvua imekatika kidogo. Watu walikuwa wengi. Yeye alikuwa amekaa mbele kabisa juu ya ndoo iliyogeuzwa, tumbo limeshuka, miguu imevimba. Nilipoanza kibwagizo aliitikia kwa sauti kuliko wote, na wanawake waliomzunguka wakamfuata yeye, siyo mimi. *Piga simu ewe mama, gari lipo lakungoja.* Nilimtazama usoni nikasema maneno yale.

Baada ya onyesho akaja kunisalimia. Alikuwa anahema, lakini ana furaha.

"Namba ya kuliitia gari nimeiandika kwa mkaa nyuma ya mlango," akaniambia. "Mama anataka nikae kwa mkunga wake, mimi nimekataa. Nimemwambia nasubiri gari."

Kulikuwa na watu karibu. Mwenzangu alikuwa ananiita, dereva wetu anataka tuondoke kabla mto haujajaa. Ningeweza kumshika mkono nikamvuta hatua tatu pembeni, nikamwambia yale niliyoambiwa karibu na tangi la maji. Isingechukua hata dakika moja.

"Vizuri," nikamwambia. "Ila usichelewe."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia. Nimeyakumbuka mara nyingi, na kila mara natafuta kama kulikuwa na onyo ndani yake. Hakuna.

Habari zilinikuta Mpanda, kama mwezi mmoja baadaye. Nilikuwa kwenye shule moja ya msingi nawafundisha watoto ngonjera ya mahafali. Mwenzangu alikuja akasimama mlangoni mwa darasa, hakuingia. Dada yake ameolewa kijiji kile, ndiye aliyempigia. Akanieleza kwa sentensi mbili, akaondoka. Niliwaambia watoto warudie toka mwanzo. Walirudia, mimi sikusikia chochote mpaka kengele ilipogongwa.

Mambo yalivyokuwa nilikuja kuyajua baadaye kwa mama yake na kwa mume wake. Uchungu ulianza asubuhi, mvua inanyesha. Mume akapiga ile namba ya nyuma ya mlango. Ilipokelewa. Aliambiwa gari halipo, ila asubiri, watatafuta usafiri mwingine. Baada ya hapo akipiga haipatikani. Jirani mwenye pikipiki alikuja tangu asubuhi akawaambia twendeni, mto bado haujajaa. Mama alitaka, mume alitaka. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema pikipiki itamzalisha njiani, na kwamba wakimwambia mumewe gari halipo ni kwa sababu hajui kuongea na wakubwa, gari lipo, liko njiani. Waliita mkunga, akamfukuza. Saa saba mchana damu ikaanza. Wakampakia pikipiki wakati huo, mume amemshika kwa nyuma. Mto ulikuwa umeshajaa, ilibidi wanaume wanne wambebe kwa machela ya turubai la kuanikia dagaa. Alifika kituoni ameshakata roho, na mtoto yuko tumboni.

Nilikwenda msibani siku ya nne. Mwenzangu alisema hawezi kwenda, nikapanda Noah ya abiria peke yangu. Tulitoka Mpanda alfajiri tukafika jua linaegemea upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa. Njia nzima nilikuwa napanga nitakachosema, na kila nilichopanga kilikuja kwa mizani. Ndivyo akili yangu ilivyozoea. Niliona aibu hata humo ndani ya gari ambamo hakuna aliyenijua.

Walikuwa wamekaa chini ya mabati, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Nilivyoingia walinitambua. Mzee aliyesimamia msiba akanyanyuka, akasema wamepata mgeni, yule mama wa mashairi ambaye marehemu alimpenda sana, na angeomba awaghanie beti mbili za kumsindikiza mtoto wao. Watu wakanigeukia. Misibani nimeghani mara zisizo na hesabu, ninajua pa kushusha sauti na pa kuinyanyua, najua ni wapi watu watalia. Nikasimama. Nikasema poleni. Sikuweza neno la pili, nikakaa.

Walidhani ni uchungu wa kumpenda marehemu. Mwanamke mmoja alinishika bega akaniambia, jikaze dada.

Mama wa marehemu hakuwa amekaa na wengine. Baadaye ndipo alipomtuma mtu aniite. Nilimkuta nyuma ya nyumba, anachambua dagaa kwenye ungo, anatoa mchanga na vijiti. Mtu aliyefiwa siku nne huwa haachwi afanye kazi, lakini nadhani walishindwa kumzuia. Alinionyesha kigoda. Nikampa pole, akaitikia. Akaendelea kuchambua muda mrefu.

"Alinikatalia mkunga," akasema, macho kwenye ungo. "Mkunga aliyemzalisha yeye mwenyewe. Aliniambia mama, gari linakuja. Nikamuuliza nani kasema. Akaniambia wewe."

Akatupa kijiti pembeni.

"Hilo gari wewe uliliona?"

"Mara ya kwanza nililiona, mama."

"Na hii mara ya pili?"

"Nililiona limevuliwa magurudumu."

Mikono yake ikasimama. "Kwa hiyo ulivyosimama pale mbele yao ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Nilitegemea anipige, au apige yowe watu waje. Ningefurahi. Alinitazama tu, kwa namna mtu anavyotazama kitu anachojaribu kukumbuka alikiweka wapi. Kisha akarudi kwenye dagaa zake.

"Kuna ugali pale jikoni," akasema. "Kula, halafu uondoke. Mvua inarudi."

Sikuweza kula, wala sikuweza kukataa chakula cha mama yule. Nilikaa jikoni nikameza matonge, moja moja, mpaka sahani ikaisha.

Baada ya hapo nilibadilisha mstari. Haikunichukua siku nne, ilinichukua njia ya kurudi Mpanda: *Uliza kwanza we mama, kama gari limekuja.* Mizani ilikuwa sawa, kina kilikuwa sawa. Ningeweza kuutunga pale kwenye ngazi za kituo, mwenzangu anafunga ngoma, kama ningetaka.

Kulikuwa na siku ya kufunga kampeni, uwanjani, viongozi wamekaa kwenye viti vya kitambaa. Sikumwambia mtu. Tulipofika kwenye kibwagizo, mwenzangu akasema ule wa zamani na mimi nikasema mpya, sauti zetu zikagongana. Aligeuka akanitazama. Mara ya pili alinyamaza, nikasema peke yangu. Wananchi walisita kidogo, halafu wa nyuma wakaanza kuuitikia, na kulikuwa na kicheko ambacho hakikuwa cha furaha, kile cha watu waliosikia kitu wanachokijua kikisemwa mahali pasipotarajiwa. Mshereheshaji alikuja akachukua kipaza sauti kwa adabu kabisa na kuomba makofi kwa ajili yetu. Shairi lilikuwa limebakiza beti tatu.

Hakuna aliyenigombeza. Mratibu alinipa mkono, akaniambia angependa ningemshirikisha kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani na yeye alikuwa amepata habari, na nadhani hakuwa akilala vizuri. Lakini hakunipigia simu tena, na shughuli nyingine za mji, zile za viti vya kitambaa, zikaanza kunipita. Nilikuwa nasikia kwamba kulikuwa na sherehe wakati turubai limeshakunjwa.

Mwenzangu alikuja nyumbani wiki iliyofuata. Alikaa nje, akakataa kuingia. Aliniambia hanilaumu, lakini yeye ana watoto sita na hana nyavu za kurudia. Nikamwambia namwelewa. Sasa anaghani na binti mmoja mwenye sauti nzuri, nawasikia redioni wakitangaza mbegu. Tukikutana njiani tunasalimiana, tunaulizana habari za nyumbani.

Kilichonitesa zaidi ni redio. Shairi letu lilikuwa limerekodiwa tangu mwanzo, lenye mstari wa zamani, na lilikuwa linapigwa kila siku kabla ya taarifa ya habari ya saa saba. Nilikwenda kituo cha redio kuomba waliondoe. Kijana wa zamu alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, akasema mama tunakupenda sana hapa. Nikamweleza kwamba maneno yale si ya kweli, na kwamba mtu amekufa. Alisikitika. Akasema tangazo ni la mradi, siyo langu, na kuliondoa kunahitaji barua kutoka kwa wenyewe. Nikaandika barua kwa wenyewe. Sikujibiwa.

Likaendelea kupigwa miezi kadhaa, mpaka muda wake ukaisha. Nilikuwa saluni siku moja, kichwa kimejaa maji, nikasikia sauti yangu mwenyewe inawaambia wanawake gari lipo. Msusi akaongeza redio ili nifurahi. Kulikuwa na mjamzito pale kwenye benchi, anasubiri zamu, anatingisha kichwa kufuata mapigo. Nikamwambia, dada, usisikilize hilo, uliza kwanza. Akacheka, akidhani ni utani wa msanii. Nikamweleza yote, povu linanishuka shingoni. Hakucheka tena, na aliposukwa akaondoka bila kuniaga. Nikaanza kuwaeleza wengine hivyo, mtu mmoja mmoja, kwenye foleni ya maji, kwenye mashine ya kusaga. Najua wapo wanaosema siku hizi yule mama wa mashairi hayuko sawa.

Mwaka mmoja tangu msiba ulipokaribia kutimia, nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Alikuwa mume wa marehemu. Alisema wanajengea kaburi na kuweka msalaba, padri atakuja kubariki, na mama mkwe wake amesema niitwe. Nikamuuliza niitwe kama nani. Akasema, "Kama mtu wa kusema."

Nilifika siku mbili kabla. Mama yule alikuwa amekonda, lakini alinipokea kama anavyopokelewa fundi aliyeitwa kwa kazi. Alinikalisha kwenye mkeka, akaniambia nitoe karatasi, niandike maisha ya binti yake.

"Usipambe," akasema. "Sitaki vina. Andika ninavyokwambia."

Nikaandika. Alianza na kuzaliwa kwake, mwaka wa njaa, siku ambayo mitumbwi ilirudi mitupu. Niliandika kwamba alikuwa mtoto mpole, kama tunavyoandika kwa marehemu wote, akanizuia.

"Hakuwa mpole. Alikuwa mkali, na mbishi. Alinipiga na mwiko akiwa na miaka tisa. Andika hivyo."

Nikafuta, nikaandika mwiko. Akaniambia aliacha shule kwa sababu baba yake alikufa ziwani na hapakuwa na mtu wa kuanika naye dagaa, na kwamba aliimba akianika, mpaka majirani wakalalamika. Akaniambia alikuwa hapendi migebuka, mtoto wa ziwani asiyependa samaki. Aliendelea hivyo alasiri yote na kesho yake, nami nikawa nauliza na kuandika. Tulipofika siku ya kifo nikaweka kalamu chini.

"Andika," akasema.

"Niandike nini, mama?"

"Kwamba alisubiri gari. Kwamba aliambiwa lipo na halikuwepo. Na aliyemwambia utamtaja."

Niliandika.

Siku ya msalaba, baada ya padri kumaliza, nilisimama kando ya saruji mbichi nikasoma. Sikughani, nilisoma tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma barua ya jirani asiyejua kusoma. Watu walicheka kwenye mwiko. Nilipofika mwishoni nikasema kwamba aliyemwambia ni mimi, na kwamba nilijua. Niliona mume wake akiinamisha kichwa. Nyuma kuna mwanamke alisema kitu kwa Kibende, kwa ukali, mwingine akamtuliza. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyenijia.

Mama alinyoosha mkono akachukua karatasi zile, akazikunja, akazifunga kwenye ncha ya khanga yake. Halafu akawaambia watu chakula kiko tayari, na wanawake wakaondoka mmoja mmoja kwenda kuanua dagaa, kwa kuwa upande wa ziwani wingu lilikuwa limeshajikusanya.